Kina cha Bahari ya Unguja

Wasikilizaji, nahodha atokaye Unguja kwenda Bagamoyo, akitia bildi njiani, hupata chini upesi. Kina cha mlango ule ni mita 50 hivi hata pale palipozidi. Lakini avukaye kutoka Tanga kwenda Pemba, kamba yake haigusi kitu, kwani huko kilindi chafika mita 800. Visiwa hivi viwili twaviita ndugu. Mbona maji yake hayafanani?

Unguja imekaa juu ya ukingo wa bara lenyewe. Yapata miaka 20,000 iliyopita maji mengi ya dunia yalikuwa yamefungwa katika barafu kuu, hasa za kaskazini, hata bahari ikawa chini ya leo kwa mita 120. Hesabu yake ni nyepesi. Mlango wa mita 50, bahari ikishuka mita 120, si mlango tena bali ni bonde kavu, nalo mtu hulipita kwa miguu. Barafu ilipoyeyuka maji yalipanda pole pole, maelfu ya miaka, hata yakalifunika bonde. Basi tusafiripo kwenda Bagamoyo twapita juu ya nchi iliyozama.

Mwenye shaka na aende Jambiani, katika pango la Kuumbi. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliochimba humo tangu mwaka 2005 walikuta mifupa ya punda milia na nyati, pamoja na zana za mawe. Wanyama hao hawakuogelea maili 20 na zaidi za bahari, wala sidhani kama yuko aliyewapakia chomboni! Walikuja wakila majani, na maji yalipowazunguka wakawa wafungwa, kisha wakaisha. Chui alidumu kuliko wao, hata karne ya 20. Pemba, iliyotengwa na kilindi tangu zamani mno, haikuwa na chui.

Kusini, kati ya Mafia na bara, iko sababu nyingine tena: mto Rufiji hushusha matope na mchanga kila masika, na mafungu huongezeka. Ufupi huo wa kina ulipata kuamua vita. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha Pegasus bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha ndani ya midomo ya Rufiji, na manowari kubwa za Kiingereza hazikuweza kuifuata kwa uchache wa maji. Ikabidi ziletwe Severn na Mersey, merikebu bapa zilizoundwa kwanza kwa ajili ya mito ya Brazil. Tarehe 11 Julai 1915 ziliipiga hata Wajerumani wakaitoboa wenyewe. Mizinga yake 10 ilitolewa matopeni ikapelekwa Dar es Salaam, kisha ikapigana nchi kavu. Na mmoja wake umewekwa Mombasa, katika Ngome ya Yesu.