Mabweni ya Tabora, Ngoma za Pwani

Mwaka 1955 TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kilikuwa na viongozi wawili waliotoka katika malezi yasiyofanana hata kidogo. Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, alikuwa amepita Shule ya Serikali ya Tabora, Makerere na Edinburgh. Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliishia darasa la nne. Uongozi alijifunza katika ngoma, akiwa mwimbaji wa mbele wa kikundi kilichoitwa Bomba. Alipokabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, nao wakaja na wanachama wao. Maelfu wakakata kadi katika muda mfupi.

Tukibishana leo kama vijana walelewe kwa kushindana au kwa kushirikiana, huwa tunasahau kwamba wote wawili walilelewa katika mashindano. Tofauti ilikuwa katika nani anashindana na nani, na mshindi anapewa nini.

Tabora ilifunguliwa mwaka 1925 kwa ajili ya watoto wa machifu na majumbe. Ilifuata mfano wa shule za bweni za tabaka la juu Uingereza, hata wengine wakaiita Eton ya Tanganyika. Bweni lilishindana na bweni uwanjani, na juu ya wanafunzi waliwekwa viranja wa kuwaamuru wenzao. Hilo la mabweni lilikuwa na faida yake, kwa kuwa mchezaji hodari hakuweza kuchukua kombe peke yake. Lakini mwisho wa safari ulikuwa mtihani, na mtihani ulimpima kila mmoja kivyake. Nafasi za kuendelea na masomo zilikuwa chache mno, hivyo aliyepanda alipanda kwa sababu mwenzake amebaki. Kisha aliyepanda ndiye aliyehesabiwa kuwa anafaa kutawala. Shule ilitoa watu wa maana, Nyerere na Rashidi Kawawa, waziri mkuu wa baadaye, wakiwemo, ila kuongoza darasa na kuongoza watu ni mambo mawili, na Tabora iliyafunga pamoja.

Pwani yalikuwa mengine. Beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, ilizuka Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, ikasambaa hadi bara. Tanganyika ikawa na pande mbili mashuhuri, Marini na Arinoti, kila upande na kingi wake, majenerali wake na sare zake. Mombasa wanawake walikuwa na lelemama, nao wakiwa na vyama na vyeo vyao. Mashindano yalikuwa makali: gwaride, nyimbo za kumchokoza mpinzani, karamu za kumzidi. Mshindi, hata hivyo, alikuwa chama kizima. Ili kishinde, mtu alipaswa kukusanya michango, kusuluhisha magomvi ya ndani, kujua nani hana nguo ya kuchezea na kumtafutia. Mwanachama akifa, wenzake walimzika. Mgeni akitoka mji mwingine, alipokewa na watu wa upande wake. Kibarua asiye na cheti wala ukoo mkubwa alipata pale mazoezi ya kuongoza ambayo serikali ya kikoloni isingempa kamwe. Madhara yalikuwepo pia, kwani karamu za kushindana zilikula mali na kuacha madeni. Hata hivyo, ninapotazama jinsi Bibi Titi alivyofanya kazi yake, naona matunda ya malezi hayo waziwazi.

Wamaasai walikwenda mbali zaidi katika kutenganisha ushindi na uongozi. Morani, kijana wa rika la mashujaa, hanywi maziwa peke yake. Sharti awepo mwenzake wa rika. Wakati huohuo vijana hao walishindana kwa ushujaa, na aliyemchoma simba mkuki wa kwanza ndiye aliyepata singa zake. Lakini ushujaa huo haukumpa uongozi. Olaiguenani, msemaji wa rika, huteuliwa na wazee waliowatazama vijana kwa muda mrefu, kisha hukabidhiwa rungu jeusi. Cheo hicho hakipigiwi kampeni. Tangu mwaka 2012, upande wa Kenya karibu na Amboseli, morani wamekuwa wakishindana kurusha mkuki na rungu, kuruka na kukimbia badala ya kuwinda simba. Shindano limebadilika bila kugusa namna ya kumpata msemaji. Sisemi utaratibu huo hauna kasoro: rika la morani ni la wanaume, na wazee wanaweza kukosea kama mtu yeyote.

Nyerere aliuona ufa wa shule aliyosoma. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alilaumu elimu inayokuza ubinafsi, akataka shule ziwe na mashamba na wanafunzi wafanye kazi pamoja. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka mhitimu wa sekondari afanye kazi kwanza, kisha aombe chuo kikuu kwa mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Nakubaliana na nia yake kwa moyo wote. Chombo ndicho kilichokuwa dhaifu. Mzee wa Kimaasai alimjua kijana tangu akichunga ndama. Mwajiri alikuwa na fomu ya kujaza. Ushirikiano ukishaandikiwa ripoti na bosi, kijana hujifunza kumpendeza bosi.

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Ni hatua njema, ingawa nafasi za masomo bado zinagawiwa kwa alama za mtu mmoja mmoja. Shule zenyewe zinaweza kufanya zaidi, hata muhula ujao. Bweni lipewe pointi kwa wastani wa wanafunzi wake kumi wa mwisho, na kombe litolewe kwa hesabu hiyo. Viranja wateuliwe miongoni mwa waliokaa jioni kuwafundisha hao kumi, na wanaoulizwa nani alikaa nao wawe hao kumi wenyewe.