Damu Moja, Vipimo Vingi: Historia ya Kipimo cha Mtoaji na Mpokeaji wa Figo

  

Huenda nyumbani kwako kuna mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine hapa Garissa. Daktari amesema anahitaji figo, na jamaa waende Nairobi kupimwa, safari ya karibu kilomita 370. Mnaulizana: "Sisi ni damu moja. Kwa nini tupimwe tena na tena, na kila mara tulipe?" Jibu tutalipata katika historia.

Mwaka 1901, mjini Vienna, daktari Karl Landsteiner alichanganya damu za watu mbalimbali. Aliona nyingine zinapatana na nyingine zinashikana mabonge. Hapo ndipo yalipojulikana makundi ya damu. Kabla ya hapo mgonjwa aliweza kuongezewa damu akafa, na hakuna aliyejua sababu. Ndiyo maana hata leo mama anayevuja damu baada ya kujifungua, maabara hulinganisha damu yake na ya mtoaji.

Figo ilileta ugumu zaidi. Tarehe 23 Desemba 1954, huko Boston, Marekani, Dkt. Joseph Murray alimpandikizia Richard Herrick figo ya ndugu yake Ronald. Ilifanya kazi kwa sababu walikuwa pacha wa kufanana. Richard aliishi miaka minane zaidi. Lakini ni wagonjwa wangapi wana pacha? Kwa wengine, makundi ya damu yalipatana na bado mwili ukaikataa figo.

Sikiliza vizuri hapa, mama. Mwaka 1958, Jean Dausset wa Ufaransa alieleza alama ya kwanza iliyo juu ya chembe nyeupe za damu. Mwaka huohuo, Rose Payne wa Marekani na Jon van Rood wa Uholanzi walichunguza damu ya wanawake waliowahi kubeba mimba. Walikuta ndani yake askari wa mwili wanaoshambulia chembe za watu wengine. Askari hao walitoka wapi? Mtoto hurithi nusu ya alama zake kwa mama na nusu kwa baba. Akiwa tumboni, mwili wa mama unaweza kuziona alama za baba kuwa mgeni na kutengeneza askari. Kwa kawaida hawa hawamdhuru mtoto, lakini wanaweza kukaa mwilini miaka mingi. Kwa hiyo damu ya akina mama ilisaidia kuanzisha kipimo hiki.

Mwaka 1969, Patel na Terasaki wa California walitoa hesabu. Kati ya wagonjwa 30 ambao damu yao ilishambulia chembe za mtoaji, figo 24 zilikufa mara moja. Kati ya 195 ambao damu yao haikushambulia, ni 8 tu.

Basi, mama mwenye watoto wengi akihitaji figo, ya mumewe au ya mtoto wake inaweza kukataliwa. Hiyo si laana, wala si kukosa mapenzi. Mweleze daktari mimba zote ulizobeba, hata zilizoharibika, na kila mara ulipoongezewa damu.

Vipimo hufuatana hivi. Kwanza kundi la damu. Pili alama za mwili: mzazi na mtoto hulingana nusu, ndugu wa baba na mama mmoja wana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kabisa. Tatu, damu ya mgonjwa huchanganywa na chembe za mtoaji. Hiki cha tatu hurudiwa karibu na siku ya upasuaji, kwa kuwa mgonjwa aliyeongezewa damu majuzi anaweza kupata askari wapya. Kwa hiyo bili ya pili si lazima iwe udanganyifu.

Hata hivyo, usilipe gizani. Pimeni kundi la damu hapa Garissa kwanza, kabla ya kulipa nauli ya watu watano. Kabla damu haijatolewa, uliza: kipimo hiki ni cha mgonjwa au cha mtoaji? Ni shilingi ngapi? SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, italipa kiasi gani, na sisi tutabakiwa na kiasi gani? Omba bili iliyoandikwa. Tunza risiti na majibu yote.

Na akitokea mtu anayetaka kukuuzia figo, mkatae. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inakataza biashara hiyo.

Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Ni kweli, lakini undugu haujulishi kama figo itakubaliwa. Maabara ndiyo hujulisha.