Bwawa la samaki Upare: maandalizi kabla ya kupandikiza vifaranga

Maandalizi ya bwawa la samaki ni kazi zote zinazotangulia siku ya kutia vifaranga majini: kuchagua mahali, kuchimba, kukausha, kutia chokaa, kurutubisha, kujaza maji na kuyangoja yakomae. Katika wilaya ya Same na milima ya Upare kwa jumla, hatua ya mwisho ni rahisi kupuuzwa, ingawa huchangia sana kuamua samaki wataishi au la. Maji yaliyoingia bwawani jana ni maji matupu. Hayana chakula cha kutosha, wala hayana viumbe wadogo wa kushughulikia taka za samaki.

Ufugaji huu una historia katika bonde hilihili la mto Pangani. Mwaka 1949 majaribio ya kufuga perege yalianza Korogwe, kusini-mashariki mwa Same, na pia Malya, mkoani Mwanza. Mabwawa mengi yalichimbwa, lakini mengi yalikufa kwa ujenzi usiofaa, usimamizi hafifu na ukame. Sababu hizo tatu bado zinatosha kuua bwawa leo.

Upare ni nchi mbili kwa mfugaji. Juu, kuelekea kilele cha Shengena chenye meta 2,462 katika msitu wa Chome, mvua ni nyingi na vijito havikauki upesi, ila maji ni baridi. Perege hukua vizuri kwenye nyuzijoto 25 hadi 30. Chini ya 20 hula kidogo na kudumaa. Chini, Same mjini na kwenye tambarare za Makanya, joto lipo la kutosha, lakini milima huzuia mvua na jua pamoja na upepo hukausha maji haraka. Mahali pa kupendelea ni vijiji vya kati ya miteremko, mfereji unapopita na usiku usipokuwa wa baridi kali. Udongo nao hupimwa kwa mkono: finyanga donge la udongo mbichi, lirushe juu, lidake. Likivunjika, bwawa litavuja.

Bwawa la mkulima mdogo huwa na kina cha takriban meta moja. Likishachimbwa, au likishavunwa na kumwagwa maji, huachwa wazi juani hadi tope lipasuke. Jua huua mayai ya vyura, konokono na samaki wa porini waliobaki kwenye madimbwi. Kisha hutiwa chokaa ya kilimo, kiasi cha kilo 10 kwa meta za mraba 100, na zaidi pale udongo ulipo mchachu, jambo la kawaida milimani ambako mvua imeosha rutuba kwa karne nyingi. Samadi isitiwe siku hiyohiyo, kwa kuwa chokaa huifanya naitrojeni yake ipotee hewani. Subiri wiki moja au mbili.

Maji ya kujaza bwawa huwa na wenyewe. Tangu zamani Wapare wamejenga ndiva, hifadhi za maji zinazojazwa usiku kutoka kwenye kijito na kufunguliwa asubuhi ili maji yafuate mifereji hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Mfugaji anayetegemea mfereji hana budi kukubaliana na wenzake kabla ya kuchimba. Hoja yake ni nzuri: maji ya bwawa hayapotei yote, na yakitolewa baadaye kumwagilia mboga huwa yamebeba mbolea. Penye mdomo wa kuingizia maji hufungwa wavu wa matundu madogo, usiopitisha hata kifaranga wa samaki wa mtoni.

Sasa ndipo panapotakiwa subira. Samadi iliyokauka huwekwa ndani ya uzio wa fito kwenye pembe ya bwawa, na baada ya siku saba hadi kumi na nne maji hugeuka kijani. Rangi hiyo ni mwani mdogo sana, chakula cha perege na chanzo cha oksijeni mchana. Mwani huo pia hufyonza amonia, sumu inayotoka kwenye mashavu ya samaki na kwenye chakula kinachooza. Kipimo ni mkono: uzamishe hadi kiwiko, na kiganja kikianza kufifia, maji yamefaa. Kikionekana wazi, ongeza samadi. Kikipotea kabla ya nusu ya mkono, mwani umezidi, na usiku utamaliza oksijeni. Alfajiri samaki watapanda juu kuhema.

Sheria hiyohiyo ya kungoja maji yakomae hutawala hata tangi la samaki wa bahari, lililo gumu zaidi. Maji yake huwa na chumvi takriban gramu 35 kwa lita, na kazi ya kusafisha amonia hufanywa hasa na bakteria walioota kwenye mawe na mchanga: kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita kuongezeka. Anayetia samaki wiki ya kwanza huwatia kwenye sumu yao wenyewe.

Kabla ya kutia vifaranga wote, wachache huwekwa bwawani ndani ya hapa, yaani kizimba cha wavu, kwa siku nzima. Wakiwa wazima kesho yake, wengine huletwa asubuhi au jioni. Mfuko walioletwa nao huachwa uelee juu ya maji dakika 15 hadi 30, kisha maji ya bwawa huingizwa humo kidogo kidogo, nao hutoka wenyewe. Kwa bwawa lisilo na chakula kingi, vifaranga wawili au watatu kwa kila meta ya mraba wanatosha.

Mdomo wa kutolea maji hustahili wavu uleule wa mdomo wa kuingizia, na hili halina mjadala Upare. Ziwa Jipe, upande wa Mwanga, na mto Pangani vina perege wao, *Oreochromis jipe*, waliotambulishwa kisayansi mwaka 1955 na ambao sasa wamo katika hatari kubwa ya kutoweka. Sato, aina ya perege wa kufugwa, wakitoroka na mafuriko hushindana na perege wa asili, na wanaweza kuzaana nao. Kwa hiyo kingo huinuliwa juu ya kiwango cha mafuriko ya masika, na wavu hukaguliwa kabla ya mvua, wala si baada yake.