Alkoholi

alkoholi *nm* [i-/zi-] (kem.) Kampaundi ya kaboni ambayo molekuli yake ina kikundi cha haidroksili (OH) kilichoshikamana na atomu ya kaboni; hususan ethanoli (C₂H₅OH), ambayo ndiyo iliyomo katika pombe.

Asili. Neno hili limetokana na Kiarabu *al-kuhl*, yaani wanja: unga laini wa kupaka machoni, uliotengenezwa hasa kwa madini ya antimoni. Kilatini cha Zama za Kati kililichukua pamoja na kiambishi *al-*, na maana yake ikapanuka. Kwanza lilitaja unga wowote uliosagwa hadi ukawa laini kabisa. Kisha likataja kiini cha kitu kilichotengwa na makapi yake. Katika karne ya 16, Paracelsus alikiita kiini cha divai, kilichopatikana kwa kukeneka, *alcohol vini*. Baadaye *vini* likaachwa, na katika karne ya 19 wanakemia wakalifanya neno lililobaki kuwa jina la kundi zima la kampaundi. Kiswahili kimelipokea kupitia Kiingereza.

Wapo wanaolinasibisha na *al-ghawl*, neno la Kurani (37:47) linalohusu madhara ya kinywaji. Sauti zinakaribiana, lakini asili hiyo haielezi kwa nini neno lilimaanisha unga kabla ya kumaanisha kimiminika.

Matumizi. *Pombe* ni kinywaji. *Kileo* ni chochote kilevyacho. *Alkoholi* ni kampaundi. Mfasiri asiyabadilishane. Sentensi "Dawa hii ina pombe" humfanya msomaji adhani ametiliwa kinywaji, iandikwe "Dawa hii ina alkoholi."

Kosa kubwa zaidi ni kuandika "pombe ya methili" badala ya *methanoli* au *alkoholi ya methili*. Jina *methili* lenyewe limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya divai na mti, lakini methanoli si ya kunywa kamwe: mwilini hugeuka asidi ya fomiki, ambayo huharibu neva ya macho na yaweza kuua. Katika lebo na maelekezo ya usalama, neno *pombe* lisitumike kwa kampaundi hii, hata kama limewekewa kivumishi.

Tazama pia: *ethanoli, kileo, methanoli, wanja.*