Kerala, Nchi ya Pilipili Manga

Msomaji, tazama ramani ya Bara Hindi, pembe ya kusini-magharibi. Ule ukanda mwembamba ulio baina ya milima na bahari ndio Kerala. Upepo wa kusi huleta huko mvua nyingi, na mvua hustawisha pilipili manga. Kwa ajili yake Waarabu na Wachina walifika bandari ya Kozhikode na mizani zao. Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika akitoka Malindi, ambako alipewa rubani; mwaka 1502 alirudi, akaupiga mji kwa mizinga. Wareno, Waholanzi na Waingereza waliishika pwani hiyo kwa zamu, kisha wakaondoka. Wenyeji wasemao Kimalayalam walibaki, wakapata jimbo lao tarehe 1 Novemba 1956. Mahekalu, misikiti na makanisa yao yangali jirani. Basi fikiri: utajiri wa nchi humwita mnunuzi, na mnyang'anyi pia husikia.