Pale Vidole Vinapoingia Chini ya Kabati

Leo tuangalie pale chini ya kabati la jikoni, panapoingia vidole vya miguu.

Bibi zetu, wa Unguja na wa Usukumani, hawakupahitaji. Walipikia chini, mafiga matatu na kigoda. Shida ililetwa na kupika wima. Mwaka 1926 msanifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko la Frankfurt, lenye makabati yaliyopangwa karibu ili mpishi asitembee bure. Yalijengwa kama 10,000, na mtindo ukaenea duniani.

Hapa Bariadi, tulikokuja kutafuta riziki, mji umekua tangu Simiyu iwe mkoa mwaka 2012, na majiko ya ndani yameongezeka. Fundi wetu alishusha ubao moja kwa moja hadi sakafuni. Ramadhani nzima tulipika futari tumeinama, vidole vikigonga, viuno vikiuma. Maji ya kudeki nayo yakaufurisha ubao. (Meza yetu ya kukatia nguo haichoshi hivyo, ina miguu!)

Sasa jikoni tunataka kitako cha saruji na vigae, kimo sentimita 10, kirudi ndani sentimita 7 au 8. Kabati la miguu mirefu linapendeza, ila bila kufagia kila siku vumbi la kiangazi linajaa uvunguni. La nguo hatulisimamii saa nzima. Ubao ulio sawa na mlango unalitosha. Fundi apewe vipimo kabla hajakata mbao.