Nguo ya Mtu Aliyekaa

Historia ya mavazi yetu aghalabu huandikwa kana kwamba watu wote husimama. Tuitazame leo kwa jicho la mtu anayeshinda katika kiti cha magurudumu.

Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kimarekani walileta Unguja kitambaa tulichokiita merikani. Mwishoni mwa karne hiyo ikaenea kanga, ikiuzwa kwa doti. Vitambaa hivi vilifungwa mwilini bila kukatwa, hivyo vilimfaa aliyesimama, aliyekaa na aliyelala. Suruali ilienea kwa njia ya ofisi na shule, nayo hukatwa kwa kipimo cha mtu aliyesimama. Akikaa, kiuno cha nyuma hushuka, tumbo hubanwa, na miguu ya suruali hupanda juu ya vifundo.

Kwa aliyeumia uti wa mgongo, hili si jambo la urembo. Mfuko wa nyuma na mshono mnene humgandamiza naye hahisi. Damu haipiti vizuri, ngozi hufa, kidonda huanza. Daktari Ludwig Guttmann, aliyefungua wodi ya wagonjwa hao Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, aliagiza wageuzwe kila saa mbili, usiku na mchana. Mwaka 1961 Helen Cookman na Muriel Zimmerman walichapisha Marekani kitabu kuhusu mavazi ya walemavu.

Hapa Morogoro kazi hiyo yawezwa na fundi yeyote wa barazani. Apandishe kiuno cha nyuma, ashushe cha mbele, arefushe miguu, aondoe mifuko ya nyuma, atie zipu ubavuni. Hata kanga ina hila yake: ncha inayoning'inia hunaswa na spoku. Ishonwe ubavuni, iishie juu ya kifundo. Kiti cha magurudumu hakipandi njia za Uluguru, lakini cherehani zimo hadi vijijini huko juu.

Katika shule moja niliyopata kuizuru, kijana mmoja alilazimishwa kuvaa suruali ya sare kama wenzake. Alipata kidonda, akakosa muhula mzima. Tangu mwaka 2010 tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, inayokataza ubaguzi. Lakini sheria haishoni nguo. Mwalimu mkuu ndiye wa kumwambia fundi kwamba sare ni kitambaa na rangi. Mkato na uufuate mwili wa mtoto.